Tovuti inayojiendesha yenyewe: ninunue hii ya elfu 45 au niachane nayo?

binti_makupa

Salaam aleikum ndugu na dada zangu. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Nafanya kazi kwenye kampuni ya kliaringi hapa Mombasa, upande wa magari. Gari likishuka melini, makaratasi yake yanakuja mezani kwangu: bili ya shehena, cheti cha ukaguzi, hati ya usajili ya huko lilikotoka. Mimi ndiye napiga hesabu ya ushuru, natia entri kwenye mfumo wa forodha, nafuatilia mpaka gari litoke CFS, ile yadi ya kuhifadhia mizigo nje ya bandari. Kazi naipenda, ila mshahara haufiki tarehe ishirini. Chama chetu kimegawana mwezi uliopita na nimebaki na elfu sitini ambazo sitaki ziishie kwenye unga na nauli.

Sasa kuna kijana kwenye kikundi kimoja cha WhatsApp anauza tovuti zilizo tayari, bei elfu 45. Anasema inajiendesha yenyewe. Akili mnemba inaandika makala kila siku na kuzipandisha, matangazo ya Google yashawekwa, kila mtu akibofya tangazo ni dola moja, kazi yangu mimi ni kupokea. Ameshatia makala mia nne ndani. Anazo za afya na za mikopo, zote kwa Kiingereza, kwa sababu anasema wasomaji wa Marekani ndio wenye pesa. Ametutumia picha za skrini za mapato. Amenipa mpaka Ijumaa, baada ya hapo bei inapanda.

Je, kuna mtu humu anayepata pesa kweli kwa tovuti isiyomla muda? Kama yupo, ni tovuti ya namna gani, na inaingiza ngapi? Nina mtoto mdogo na hufika nyumbani saa moja usiku, sina nafasi ya kukaa mbele ya kompyuta kila siku. Nijibuni kwa ukweli tu, hata kama unauma.

bombolulu_kaka

Dada, kabla ya lolote muulize huyo kijana swali moja: hayo matangazo yamewekwa kwa akaunti ya nani? Akaunti ya AdSense, yaani ya matangazo ya Google, haiuzwi wala haihamishwi kutoka mtu mmoja kwenda mwingine, hilo limo kwenye masharti ya Google yenyewe. Kwa hivyo ama pesa zitaendelea kuingia kwake, ama utaanza kuomba akaunti upya kwa jina lako, na Google waangalie hiyo tovuti kwa macho mapya waamue wenyewe.

Halafu picha ya skrini si ushahidi. Mtu yeyote mwenye kompyuta hubadilisha tarakimu kwenye kivinjari kisha akapiga picha, ni kazi ya dakika moja. Mwambie akuingize kama mtazamaji kwenye Search Console na Analytics ya hiyo tovuti, zile zana za Google za kuhesabu wageni, ukaone mwenyewe wageni wa mwaka mzima. Akikataa, umeshapata jibu lako na Ijumaa haijafika.

bamvua_mtongwe

Binti yangu, aleikum salaam. Usitoe hiyo elfu 45. Nimeona nikujibu usiku huu huu kwa sababu kitu unachokitafuta kipo, ila hakipo kwa huyo kijana.

Mimi ni mzee wa Mtongwe, nimestaafu kazi za tagi, zile boti za kuvuta meli bandarini. Nina tovuti moja tu. Inaonyesha saa za maji kujaa na kupwa Kilindini na kina chake kwa mita, leo na wiki nzima inayokuja, kwa Kiswahili. Basi, hakuna kingine. Mtoto wa dada yangu ndiye aliyeandika programu, mimi nikampa kile ambacho mvuvi anataka kukiona na maneno ya kukisema. Kila usiku saa tisa programu inaamka, inapiga hesabu za mwezi na jua, inaandika kurasa upya, inalala. Imekuwa hivyo tangu 2017.

Inaweza kujiendesha kwa sababu mwezi haubadilishi ratiba. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa yake inasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, huja bamvua, na hapa kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Kati ya bamvua na bamvua ni maji mafu. Yote haya yanahesabika miaka mingi mbele bila mtu kukaa macho. Na aliyeyataka leo atayataka tena kesho kutwa, maana saa za juzi hazimfai kitu. Wanawake wanaotafuta pweza mwambani wanataka kujua bamvua linaanza lini na maji yatakauka saa ngapi. Mwenye ngalawa anataka saa ya kupita mlangoni bila kugusa mwamba. Kijana anayetembeza wageni anataka kuwaambia leo usiku kwamba kesho saa nne asubuhi maji yatakuwa yameondoka, waje mapema.

Ukitaka kuipima tovuti yoyote kama itajiendesha, iangalie kwa mambo hayo mawili: kilichomo kinahesabiwa na mashine bila kukosea, na anayekihitaji anarudi kwa miguu yake. Sasa makala mia nne za kisukari na shinikizo la damu zilizoandikwa na mashine zina lipi katika hayo? Hakuna anayezirudia, na hakuna aliyezipitia kuona kama ni kweli. Google walianza kuzibana kurasa za namna hiyo Agosti 2022, wakakaza Septemba 2023, na Machi 2024 wakatangaza sera kabisa: kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kujipenyeza kwenye matokeo ni taka, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine. Huyo kijana anakuuzia nyumba iliyokwisha wekewa alama ya kubomolewa.

Na kuna jambo linalonikera kuliko pesa. Afya. Mama mmoja mahali fulani atasoma kuhusu dozi ya mtoto wake kwenye tovuti yenye jina lako, na maneno hayo hakuna daktari wala muuguzi aliyeyaona. Usiliingize jina lako huko, hata ukipewa bure.

Umeuliza inaingiza ngapi, nakujibu wazi. Matangazo ya Google huniletea kama dola 140 mwezi wa Disemba, watu wakishuka pwani kwa likizo. Mei na Juni, mvua na kusi, hushuka hadi dola 40 na kitu. Na Google hawatoi pesa mpaka zifike dola 100, zikipungua zinangoja mwezi ujao, kwa hivyo ipo miezi ambayo benki haioni kitu. Hiyo dola moja kwa kila kubofya isahau. Tangu mwanzo wa 2024 malipo yao yanahesabiwa kwa tangazo kuonekana, si kwa kubofywa, na kwangu mimi kurasa elfu moja zikifunguliwa na watu wa Kenya haziniletei hata dola moja. Malipo yangu ya kwanza yalichukua zaidi ya mwaka kufika. Kinachonisaidia sana ni wenye biashara watatu wa hapa hapa: duka la nyavu na ndoana, mwenye mashua ya kutembeza wageni, na nyumba ya wageni moja. Kila mmoja ananilipa shilingi 2,500 kwa mwezi kwa M-Pesa, tangazo lake linakaa chini ya jedwali, na hilo halipandi wala kushuka na mvua. Gharama zangu ni anwani ya .co.ke, elfu moja na kitu kwa mwaka, na mahali pa kuiweka tovuti, kama elfu tano kwa mwaka. Haikuniachisha kazi, lakini umeme na maji ya nyumba hii, alhamdulillahi, vinatoka huko.

binti_makupa

Shikamoo ami. Ahsante sana, nimesoma mara mbili. Ahsante na wewe kaka wa Bombolulu. Nimemuuliza swali lako la akaunti, amesoma, hajajibu mpaka sasa.

Ila ami, mimi habari za mwezi na bahari sizijui. Nikijenga yangu nitaweka nini? Ninachokijua mimi ni magari tu.

bamvua_mtongwe

Marahaba mwanangu. Hayo magari ndiyo yenyewe.

Niambie, simu unazopigiwa nje ya saa za kazi, na jamaa na majirani na rafiki za mumeo, wanauliza nini?

binti_makupa

Wallahi ni swali moja kila siku. "Dada, gari hili nikiliagiza Japani, litanigharimu ngapi mpaka nishike funguo?"

Na hesabu naijua kwa kichwa. Tuseme thamani ya forodha ni milioni moja. Ushuru wa forodha asilimia 35, hiyo ni 350,000. Ekseizi, yaani ushuru wa bidhaa, inatozwa juu ya jumla ya hizo mbili, na hapo ukubwa wa injini ndio unaoamua: cc 1500 kushuka chini ni asilimia 20, ikipita hapo ni 25, na zile kubwa kabisa ni 35. Kwa injini ndogo ni 270,000. VAT ya asilimia 16 inakuja juu ya vyote hivyo, 259,200. Halafu IDF (ada ya tamko la uagizaji) asilimia 2.5 na RDL (tozo ya reli) asilimia 2, hizo zinatozwa kwa ile milioni peke yake, 45,000. Jumla 924,200. Lile lile likiwa la cc 1600, jumla inakuwa 1,002,500. Tofauti ya 78,300 kwa sababu ya cc mia moja tu, na watu hawajui! Mtu anachagua gari kwa picha, kisha likifika Kilindini ndipo anaanza kukopa.

Lakini ami, vikokotoo vya ushuru si vipo tayari mtandaoni?

kisauni_kodi

Vipo dada, tena vingi. Mimi ni mwandishi wa programu, na nataka nimuunge mkono mzee huku nikitia neno moja la tahadhari.

Kwanza, usiichukie akili mnemba kwa sababu ya huyo muuzaji. Kikokotoo cha namna hiyo unaweza kuelekezwa nayo ukakiandika wikendi mbili, hata kama hujasomea. Ni ukurasa mmoja, visanduku vitatu vinne na hesabu uliyoandika hapo juu. Haihitaji WordPress, ile programu ya kujengea tovuti, wala hifadhidata. Ukurasa usio na mahali pa kuingilia hauna mlango wa kuvunjwa. Tovuti nyingi ninazoitwa kuzifufua ni za WordPress ambazo mwenyewe aliambiwa zinajiendesha, akaacha plagini (programu ndogo za nyongeza) bila kusasishwa mwaka mzima, siku moja anakuta inauza dawa za nguvu za kiume kwa Kichina. Cheti cha usalama cha Let's Encrypt ni bure, kinakaa siku 90 na kinajihuisha chenyewe ukikiwekea utaratibu.

Tahadhari sasa. Ukitoa kikokotoo cha ushuru peke yake, utakuwa wa thelathini kwenye foleni. Na tangu 2024 Google inajibu maswali mengi yenyewe juu ya ukurasa, msomaji hafiki kwako. Mtu akiuliza "VAT ya gari ni asilimia ngapi" jibu limeshatoka hapo hapo. Kwa hivyo lazima uwe na kitu ambacho hao wengine hawana. Mzee, wewe umepitaje hapo? Saa za maji kujaa Google si inaweza kuzitoa?

bamvua_mtongwe

Swali zuri, kijana wangu. Inaweza, na wageni wangu waliokuwa wakitokea Google wamepungua, sifichi. Waliobaki ni wale ambao hawapiti huko. Wameiweka kwenye skrini ya simu kama programu, au wanapokea kiungo kwenye vikundi vyao vya wavuvi. Wanakuja kwangu kwa sababu nimeandika "bamvua" na "maji mafu", na siku ambayo hesabu na bahari vinapishana, upepo wa kusi ukiwa mkali ukasukuma maji, natia mstari mmoja juu ya jedwali kuwaonya. Na chini kabisa imeandikwa kuwa jedwali hili si la kuongozea meli. Wanajua kuna mtu nyuma yake.

Binti, kitu ambacho hao wengine thelathini hawana umekitaja mwenyewe ukapita: "mpaka nishike funguo". Vikokotoo vyao vinaishia kwenye ushuru. Wewe unajua kinachofuata. Gari likipelekwa CFS linakaa siku ngapi kabla gharama ya kuhifadhi haijaanza kuhesabiwa? Wakala anachukua ngapi? Sahani za namba na usajili wa NTSA, mamlaka ya usafiri, je? Mtu akichelewa kulipa ushuru wiki mbili, anaongezewa kiasi gani? Kikokotoo chako kimuulize mtu: gari gani, injini ngapi, mwaka gani, na pesa za ushuru unazo mkononi au bado unazitafuta? Halafu kimpe jumla ya mwisho kwa shilingi, na tarehe ambayo kila siku ya ziada itaanza kumla. Hiyo haiwezi kutoka kwa mtu aliyeko Nairobi wala London, maana hakuwahi kusimama kwenye dirisha la CFS akibishania siku mbili.

Na iwe kwa Kiswahili. Watu wanaoagiza gari kwa mara ya kwanza, wa matatu, wa teksi, waliotumiwa pesa na mtoto aliye Ghuba, ndio wanaoumia kwenye makaratasi, na wao ndio hawana aliyewaandikia.

binti_makupa

Ami umenifungua macho. Hizo gharama zote ninazo kichwani, nyingine ziko kwenye daftari langu la zamani.

Ila itajiendesha kweli? Hizi asilimia hubadilika. RDL ilikuwa moja na nusu, ikapandishwa kuwa mbili mwisho wa 2024. Na sheria ya kuwa gari lisizidi miaka minane inasogea kila Januari: mwaka 2025 tuliingiza magari ya 2018 kuja juu, kuanzia Januari 2026 ni 2019 kuja juu. Orodha ya CRSP nayo, ile ya bei za magari mapya inayotumika kukadiria thamani ya forodha, KRA (mamlaka ya mapato) wakiibadilisha, thamani zote zinakuwa nyingine.

bamvua_mtongwe

Haitajiendesha kama yangu, na hilo uliingie ukijua. Bahari haina bajeti ya Juni. Lakini angalia vizuri ulichosema: kubadilika kwake kuna majira. Januari kwa sababu ya mwaka wa gari. Julai mosi kwa sababu ya Sheria ya Fedha. Na siku ile KRA wakitoa orodha mpya au Bunge likipitisha jambo katikati ya mwaka, wewe utakuwa wa kwanza kujua kwa sababu ofisini kwenu siku hiyo entri zote zitagoma. Asilimia hizo ziwekwe kwenye faili moja pembeni, uzibadilishe kwa simu ukiwa ndani ya matatu. Ule mwaka wa gari mashine ijihesabie yenyewe, mwaka wa sasa kutoa saba, usiuguse tena. Na juu ya ukurasa iandikwe kwa herufi kubwa tarehe ya mwisho uliyohakiki. Tarehe hiyo ikichakaa, itoe hesabu ikiwa na onyo. Usikubali hata siku moja tovuti yako impe mtu jumla ya uongo akaenda kuchukua mkopo kwa jumla hiyo.

Mimi mwenyewe pamoja na bahari yangu isiyobadilika, kila Ijumaa nikitoka msikitini nakaa barazani nafungua tovuti kwa simu ya kawaida, naangalia jedwali la siku hiyo, nashuka ufuoni kuona kama maji yako pale yalipoandikwa. Barua pepe ya kulipia anwani nayo huja mara moja kwa mwaka. Ikikupita, anwani inakwenda kwa mwingine. Na Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, tovuti yangu ilikuwa imesimama sawasawa kwenye mashine yake Ulaya na huku kwetu watu hawaifikii. Mtandao wa nchi hii unaingilia hapa hapa Mombasa tangu zile nyaya za 2009, na siku ile mvuvi wa Likoni hakuweza kuona saa za maji yaliyo mbele ya macho yake. Baada ya hapo nikaomba kurasa zihifadhiwe ndani ya simu ya mtu, wiki nzima mbele, mtandao uwepo usiwepo. Hesabu yako nayo inawezekana hivyo hivyo, kwa sababu inafanyika ndani ya simu ya mteja.

kisauni_kodi

Naam, hilo la kufanya kazi bila mtandao ni rahisi kwa ukurasa wa namna hiyo. Dada, nikusaidie kuuweka mahali pa bure kwanza, GitHub Pages inatosha kwa majaribio. Lipia anwani ya .co.ke peke yake. Hizo elfu sitini zako zibaki kwenye akaunti.

mhasibu_ganjoni

Naomba niongeze mambo ya pesa na sheria, maana watu hukumbuka mwishoni.

Dada, tangu Julai 1, 2023, malipo ya maudhui ya mtandaoni kwa mkazi wa Kenya yanakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Matangazo kwenye tovuti, udhamini, kamisheni ya kumpelekea mtu wateja, yote yamo. Kampuni ya hapa ikikulipa, wao ndio wanaokata na kupeleka KRA, na wewe udai cheti cha makato uhifadhi. Pesa zinazotoka nje kama za AdSense hakuna anayekukatia hapa, ni wajibu wako kuzitangaza kwenye ritani kabla ya Juni 30. Fungua daftari tangu shilingi ya kwanza.

Jambo la pili. Ukiweka sehemu ya mtu kuacha jina na namba ya simu "tukupigie", umeshaanza kukusanya data za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Kwa sasa usikusanye chochote. Acha hesabu ifanyike ndani ya simu yake, kama alivyosema ami.

La tatu ni kazi yako. Usichukue hata namba moja ya faili la mteja wa kampuni kuipandisha kama mfano. Tunga mifano yako. Na mwambie bosi wako mapema unachofanya. Kampuni ya kliaringi inaweza hata kuwa mdhamini wa kwanza wa ukurasa huo, lakini ikigundua yenyewe itadhani unawaibia wateja.

bamvua_mtongwe

Maneno ya dada wa Ganjoni ni dhahabu, yafuate yote.

Mimi naongeza moja kuhusu watangazaji. Ukurasa ukianza kutembelewa, watakuja. Bima, gereji, wauza taa na matairi, hao wakaribishe. Lakini watakuja pia wale wanaosema lipa nusu tukuagizie gari, halafu gari halifiki. Unawajua kuliko mimi. Mtu amekuja kwako kwa sababu anaogopa kuibiwa. Usimpe mwizi kwa mkono wako, hata akikulipa mara kumi ya mwenye gereji. Na ndugu zako uwakanye mapema wasibofye matangazo kukusaidia. Google wanaliona hilo na wanafunga akaunti.

binti_makupa

Nawashukuru nyote. Yule kijana amenijibu leo asubuhi: anasema akaunti itabaki ya kwake, atakuwa ananitumia pesa kila mwezi "akitoa gharama". Nimemwambia hapana na nimetoka kwenye kikundi.

Nimeanza kuandika gharama zote kwenye faili, kuanzia ushuru mpaka sahani za namba. Swali la mwisho, ami. Nimesoma kwamba AdSense wanatuma namba ya siri kwa posta. Mimi Makupa sina sanduku la posta, na barua hapa hazina mlango wa kufikia. Wewe ulifanyaje?

bamvua_mtongwe

Usiombe akaunti sasa hivi. Kwanza ukurasa ukae, watu wautumie, uandike na kurasa chache za maelezo kwa mkono wako: sheria ya miaka minane, cc 1500, siku za CFS. Kiswahili kimo kwenye lugha wanazozikubali, usihangaike na Kiingereza.

Barua yenyewe wanaituma mapato yakifika dola 10. Ni kikaratasi chenye namba, kinakuja kwa posta ya kawaida, wiki mbili hadi nne, na mimi kilichelewa zaidi. Una miezi minne tangu watoe namba ya kwanza. Ukipita bila kuitia, matangazo yanasimama. Isipofika unaomba nyingine, na baada ya kuomba mara tatu bila mafanikio wanakuruhusu kuthibitisha kwa kitambulisho. Nenda posta kuu ukodi sanduku lako mwenyewe, usitumie la mtu. Jina uliandike vile vile lilivyo kwenye kitambulisho na kwenye akaunti ya benki, herufi kwa herufi, maana pesa zitakuja kwa jina hilo na benki ikiona tofauti inazirudisha.

Hilo faili la gharama ukilimaliza nitumie kwa ujumbe wa ndani. Nina shemeji yangu anangoja Probox ishuke mwezi huu, hajaanza kulipa. Tutaipiga hesabu yako na yake pamoja, tuone mwisho wake kama zinalingana.